Gunia Nalo Hulipa Nauli: Safari Yangu ya Kwanza Kerende

Mimi ni mtu wa Kimara, Dar es Salaam. Ukinigusia habari za usafiri nitakusimulia mwendokasi mpaka uchoke: foleni ya asubuhi, vikumbo vya mlangoni, basi linalopita limejaa huku sisi tumesimama kituoni tunalitazama. Kwa hiyo rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa ni mwalimu Kerende, wilayani Tarime, aliponiita nimtembelee, nilijiona mzoefu wa taabu za barabarani.

Kipande cha kwanza kiliniongezea kiburi. Treni ya umeme ilinitoa Dar es Salaam na kunifikisha Dodoma kwa saa chache tu. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000, kiti kina namba, na hakuna wa kubishana nawe. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliipanga nauli hiyo kwa kilomita, karibu shilingi 70 kwa kila moja, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Naomba uishike hiyo 70. Tutarudi kuipigia hesabu.

Kutoka Dodoma ni basi: Singida, Shinyanga, Mwanza, Bunda. Nilisinzia, nikaamka, nikanunua mahindi ya kuchoma dirishani, nikasinzia tena. Penye daraja la Kirumi mama niliyekaa naye alinigusa bega niutazame Mto Mara, mpana na mzito, umezungukwa na mafunjo, unakaribia kuingia ziwani. Huu ndio mto ambao huko juu, ndani ya Serengeti, nyumbu huuvuka na watalii hutoka mbali kuja kuwatazama. Wengi wao hushuka kwa ndege ndogo kwenye kiwanja cha Kogatende, kando ya mto huohuo. Mimi nilikuwa najongea kwa chini.

Tarime ilinipokea kwa baridi. Hakuna aliyenionya. Mji uko juu, migomba imeshika kila upande, na watu wamevaa masweta saa nne ya asubuhi kama jambo la kawaida. Stendi nikaambiwa gari la Nyamongo, la kunifikisha Kerende, ni lile pale, mchomoko. Nikatafuta basi. Mchomoko ni Probox, gari dogo ambalo kwetu hubeba watu watano na wakabanana. Hapa dereva alikuwa bado anangoja abiria wa nane.

Kilichonishangaza zaidi ya idadi ni mpango wa kukaa. Dereva aliponitazama, mgeni mwenye begi la magurudumu, alisema, "Dada, wewe kaa mbele." Mwanamume mwenye mkoba wa kiofisi akaja kubanana nami kiti hichohicho. Vijana wakapewa kiti cha nyuma. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaingizwa kwenye buti, akakaa juu ya gunia, miguu ameikunja, kichwa kinagusa paa. Nilipouliza nauli, ikawa ni moja kwa wote. Mama wa kwenye buti alilipa sawasawa na mimi, kisha akalipia na gunia lake, kwa kuwa gunia limechukua nafasi ya mtu. Yeye mwenyewe ameketi juu yake, lakini hilo halikuingia kwenye hesabu.

Nikamwambia dereva tubadilishane nafasi. Alicheka bila ubaya. Mama ndiye aliyekataa: "Mwanangu, nikija huko mbele nani atamshika kuku wangu?" Kumbe alikuwa na kuku pia.

Mwanzoni barabara ilikuwa nzuri, kisha tukaingia vumbini. Barabara hii ya kutoka Tarime kupitia Nyamwaga hadi Mugumu, wilayani Serengeti, ndiyo mgongo wa eneo lote. Tulipita Nyamwaga, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime pamoja na hospitali yake, tukaendelea hadi nilipoanza kuona vilima vyenye vilele bapa, kama ugali uliopinduliwa kwenye sinia. Nikauliza ni milima gani. "Hiyo si milima, dada. Ni mawe ya mgodi." Mgodi wa dhahabu wa North Mara umekuwapo tangu mwaka 2002, na Kerende ni jirani yake wa karibu. Kila gari kubwa lilipotupita, dereva alipandisha vioo. Waliokuwa wakitembea pembezoni waligeuka, wakajifunika uso kwa kanga au kwa mkono, wakangoja, kisha wakaendelea na safari. Nilihesabu wenye magari na waendao kwa miguu kwa macho tu, na waendao kwa miguu walikuwa wengi mno: wanafunzi, akina mama wenye ndoo, mzee na punda wake wawili waliobeba mahindi.

Mchomoko ukaniacha barabara kuu. Hapo kuna kijiwe cha bodaboda, vijana watupu, wote wa kiume. Kitongoji cha rafiki yangu hakifiki kilomita sita. Nikaambiwa shilingi 3,000.

Sasa tuipige ile hesabu. Treni ya umeme, yenye kiyoyozi na choo, 70 kwa kilomita. Bodaboda ya Kerende, yenye vumbi na mashimo, zaidi ya 500. Kadiri nilivyosogea mbali na mji ndivyo usafiri ulivyokuwa mbovu na ghali zaidi, na ndivyo nilivyokutana na watu wasioimudu bei hiyo. Mwendokasi ninaoulalamikia hutoza 750 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na mwanafunzi hulipa 200. Sijawahi kuiona foleni ile kuwa ni aina ya haki, lakini ndivyo ilivyo: bosi na muuza karanga wote wanangoja, bei imeandikwa ukutani, na anayetumia kiti cha magurudumu hupitia kwenye mteremko hadi usawa wa mlango. Kijiweni Kerende bei iko mdomoni. Hutegemea una mzigo gani, mvua imenyesha au la, giza limeingia au bado, na unafahamika au hufahamiki.

Simlaumu kijana wa bodaboda. Pikipiki ile ni ya mkataba, jioni ana hesabu ya kupeleka kwa mwenyewe, na njia ile inakula matairi. Ndiyo maana naye hujitafutia ahueni kwa mshikaki, yaani kupakia watu watatu kwa mkupuo, wagawane nauli na wagawane hatari.

Usiku ule rafiki yangu alinipikia ugali wa udaga, na jirani akaleta kichuri, kitoweo cha matumbo. Nilikuwa nimesikia habari zake na nilikuwa nimejiapiza sitaonja. Nikaonja. Ni kichungu kwanza, halafu mkono unarudi wenyewe kwenye bakuli.

Siku iliyofuata tulitembea kwenda shuleni. Mwendo ule kwa watoto ni wa kila siku, asubuhi na jioni, na wale wadogo hukimbia ili waende sambamba na wakubwa. Wasichana walikuwa kundi moja. Rafiki yangu alisema hawapendi kutembea mmojammoja, na kwamba lifti ya bodaboda ni zawadi ambayo wazazi wengi wenye mabinti hawataki wapewe. Nami niliyezoea kuwaza usafiri kama suala la magari, sikuwa nimefikiria kwamba binti anaweza kunyimwa barabara hata kama pikipiki iko mbele yake na haina abiria.

Sokoni nilikutana na mama mwingine aliyeleta viazi vitamu. Nilimwamkia shikamoo, akanipisha kwenye kigoda, akanifanyia hesabu kwa vidole: nauli yake, nauli ya gunia, ushuru wa soko. Akiuza gunia zima kwa bei nzuri anapata cha kurudi nacho. Bei ikianguka, anarudi kwa miguu. "Viazi ndivyo vinavyopanda pikipiki," aliniambia, "mimi nasindikiza."

Nikamuuliza mjamzito akizidiwa usiku inakuwaje. Zamani, alisema, ilikuwa kitanda cha kamba na wanaume wanne. Baadaye ikawa bodaboda, mama katikati, shangazi nyuma akimshikilia. Siku hizi kuna namba 115, ya bure. Huo ni mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kusambazwa nchi nzima: unapiga, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, wanatafutwa madereva wa kawaida waliosajiliwa, na malipo yao hutoka kwenye mpango wala si kwenye mfuko wa mgonjwa. Nilifurahi kusikia hivyo. Angalau hapa kuna mtu aliyekaa akauliza, nani hana nauli, na saa ngapi? Mama wa viazi aliongeza kwamba gari nalo linahitaji pa kupita.

Siku ya kuondoka, bodaboda aliyenipeleka barabara kuu alikuwa yuleyule aliyenileta. Safari hii alinitoza 2,000, kwa kuwa nimeshakuwa mtu wa mwalimu. Ndege ndogo ikapita juu yetu. Tukasimama njiani kumpisha punda, nami nikamwambia kwamba bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zikiwamo za vijijini kama hii.

Akazima pikipiki. "Kila lita?"

"Kila lita."

"Kumbe mimi nalipia barabara kila siku." Alilitazama korongo lililokatiza njia mbele yetu, akaanza kuhesabu wenzake wa kijiweni, na lita wanazochoma kwa wiki. Kisha akatoa simu. "Dada, hebu niandikie hapa huo mwaka na hiyo namba. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi."

Nikamwandikia.