Be Moja, Maneno Matatu: Hati za Kale Mbele ya Kompyuta

Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aghalabu amekulia katika Kiswahili cha herufi za Kirumi. Apewapo nakala ya utenzi wa pwani katika hati ya Kiarabu, hukutana na neno lenye be ya kasra, ye, kisha be nyingine ya kasra. Kwa mazoea ya wanakili wa zamani, neno hilo laweza kuwa bibi, pipi au pembe. Kibodi, hata hivyo, yamdai herufi moja kwa kila mguso.

Utata huo una nasaba ndefu. Hati ya Kiarabu ilichipuka kutoka hati ya Wanabatea wa Petra. Maandishi ya Namara ya mwaka 328 ni lugha ya Kiarabu katika herufi za Kinabatea. Kadiri herufi hizo zilivyoungana, baadhi yake zilifanana mno, na nukta ndizo zilizokuja kuzipambanua. Pwani nayo ilipoipokea hati hiyo, sauti za p, ch na v hazikuwa na herufi zake. Mnakili alimtegemea msomaji aliyekwisha kuusikia ubeti.

Mwaka 2014 mfumo wa Unicode uliipa hati ya Kinabatea namba zake: alama 40, yaani herufi 31 na tarakimu 9. Katika hizo 31, maumbo tisa ya mwisho wa neno yalipewa namba za peke yake. Kiarabu kilitendewa vingine: herufi ina namba moja, na umbo huamuliwa na jirani zake. Hapana budi kukiri, basi, kwamba namba hizi si kioo cha maandishi. Ni uamuzi juu ya herufi ni nini.

Uamuzi wa namna hiyo ndio umkabilio mwanafunzi wa Njoro. Akichapa p ya nukta tatu mahali palipo na be, amekwisha kuhakiki kabla ya kuandika sentensi moja ya uhakiki, na atakayetafuta neno baadaye hatajua kwamba palikuwa na njia nyingine. Akichapa be tupu, huihifadhi hati lakini humwacha msomaji asiye na sikio la Lamu gizani. Yafaa aweke yote mawili, hati kama ilivyo na usomaji wake kando, kila kimoja kwa jina lake. Kwani wajuao beti kwa moyo hupungua, na kosa lililokwisha kuingizwa katika kompyuta hunakiliwa upesi kuliko kalamu yoyote.