Wajomba wa Ng'ambo

Mimi ni mtoto wa Tarime. Kwetu Wakuria, ukoo mmoja unaweza kuwa na miji Tanzania na miji mingine Kenya, na wazee wetu hawakuulizwa neno mpaka ulipochorwa. Mtu angedhani kwamba wa kwanza kulitaka Shirikisho la Afrika Mashariki tungekuwa sisi.

Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka ule kwisha. Halikuundwa. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema mwaka 1960 kwamba yu tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie pamoja. Alihofu kwamba kila nchi ikishapata bendera yake na wimbo wake, watakuwapo watu wa kuvishikilia.

Watu wenyewe tulikuwa sisi walimu. Nilipotoka chuo cha ualimu, katika miaka ya 1970, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupanga watoto mistari mbele ya mlingoti. Walikuja wakisema Kikuria na Kijaluo; tukawafanya Watanzania kwa Kiswahili, kwa gwaride na kwa jembe la shamba la shule. Tuliifanya kazi ile barabara, wala siionei haya.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Huku kwetu watu waliendelea kupita njia za panya kwenda kuoa na kuzika. Hakuna aliyejiona amekwenda nchi ya kigeni.

Basi serikali ilipokusanya maoni, mwaka 2006 na 2007, kuhusu kuliharakisha shirikisho, wengi wa Watanzania waliosema walikataa. Nilimwuliza jirani yangu mmoja, niliyemfundisha darasa la nne, ambaye mama yake alizaliwa ng'ambo ya Isebania: "Wewe nawe unawaogopa wajomba zako?"

"Wajomba siwaogopi, Mwalimu," akajibu. "Nawaogopa Wakenya."

Watu walewale! Wasomi husema wananchi hawakuelimishwa. Sikubaliani nao. Mjomba akitaka shamba huja kwa wazee, hukaa, huulizwa, na anaweza kunyimwa. Mkenya, katika mawazo ya jirani yangu, angekuja na fedha na hati kutoka ofisi asiyoijua. Undugu alikuwa nao tele. Alichokihofia ni mlango ambao ndugu angeingilia. Na waliotunga Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, nadhani walimsikia, maana ardhi waliiachia sheria za kila nchi.

Leo Jumuiya ina nchi wanachama 8, Kongo na Somalia zikiwamo. Jirani yangu ana lori, hupeleka mahindi Isebania kila juma. Shirikisho bado halitaki. Mwaka jana alimwoza binti yake hukohuko.