Kikombe Chenye Uzi



Mgeni akiingia jikoni kwetu Nyansiongo na kushika kikombe cha kwanza anachokiona, atasikia sauti tatu zikimzuia kwa pamoja. Kile cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu ni cha baba watoto, na ni cha chai ya maziwa tu. Ukimtilia chai ya rangi humo ataipokea kwa adabu, atashukuru, kisha ataiacha dirishani mpaka ipoe. Bilauri nene ni ya binti yangu mkubwa, ambaye hatii sukari kabla ya kuiona rangi ya chai. Uji wa wimbi twaunywa kwa kata ndogo za kibuyu, kwa sababu mwanangu mdogo alitangaza siku moja kwamba uji wa kikombe cha plastiki una ladha ya plastiki. Nilitaka kumkemea. Nikaonja, nikanyamaza.

Juu kabisa ya kabati zipo finjani zangu sita za kahawa, nilizokuja nazo kutoka Mombasa zikiwa zimefungwa ndani ya kanga mbili, nikizipakata safari nzima. Kando yake kipo kikombe kingine ambacho hakuna anayekigusa ila mimi. Ni cheupe, kimekatika ukingoni, na mkononi pake kimefungwa uzi mwekundu uliokwisha kuwa kahawia kwa moshi na miaka. Habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nyansiongo iko Borabu, katika kaunti ya Nyamira, kwenye nyanda za juu zilizokuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu kabla ya uhuru na ambazo baadaye waligawiwa wakulima wa Kigusii. Ukisimama popote pale waona chai. Wanawake huamka alfajiri, hufunga kikapu mgongoni na kuchuma majani mawili na chipukizi lake, tena majani mawili na chipukizi lake, mpaka kikapu kijae kipelekwe kituoni kupimwa, kisha kiwandani. Baada ya hapo chai hiyo huteremka Mombasa, ambako mnada wake umekuwapo tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Mimi nilipita njia ileile kwa upande wa pili. Mume wangu alisilimu akiwa kijana mfanyakazi Mombasa, tukaoana huko, na baba yake alipofariki ikambidi arudi kulitazama shamba. Nikamfuata.

Kilichonishinda mwanzo ni baridi. Finjani imeumbwa kwa joto la pwani: kahawa tungu hutoka nzito katika dele lililo juu ya makaa, mtu hupiga funda mbili tatu na kipande cha kashata, hurudisha finjani ijazwe tena, na mazungumzo yaendelea. Udogo wake ni adabu, kwani humfanya mwenyeji akuangalie kila mara. Lakini Nyansiongo mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba na jua halijulikani liko wapi, kahawa ya finjani hufa kabla ya funda la pili. Huko juu hata maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi kinywaji chaanza safari yake na upungufu. Nilielewa upesi kwa nini wenyeji wapenda kikombe kikubwa, cha kukumbatiwa kwa viganja viwili. Kikombe cha bati, kwa kusema kweli, si chombo kizuri cha chai. Huunguza mdomo mwanzoni na dakika kumi baadaye kimepoa. Mume wangu hataki kusikia hayo. Asema chai ya bati ndiyo aliyokunywa akitoka shuleni, na hapo hoja zangu zote zaishia.

Nilipofika mara ya kwanza, tulikaribishwa nyumbani kwa mavyaa yangu. Chumba kilikuwa kimejaa jamaa. Ikaletwa sinia yenye vikombe vya kila namna, na kila mtu akanyosha mkono akatwaa kilichomwangukia, wakubwa kwa wadogo. Mimi nikasubiri zamu yangu. Sinia ilinipita. Mavyaa akaingia chumba cha ndani, akatoka na kikombe kilichoviringishwa kitambaa, chenye uzi mwekundu mkononi, akanimiminia humo chai ya maziwa na kunikabidhi kwa mikono miwili.

Wasomaji wangu wa pwani wataelewa damu ilivyonipanda. Nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, na katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi, kulikuwa na kikombe cha msichana wa kazi. Hakikukaa kabatini na vingine. Kilikaa chini ya karo, pamoja na sabuni na brashi, na kilikuwa na ufa uliokuwa mweusi kwa chai ya miaka. Hakuna aliyetuambia watoto tusikinywee. Tulijua tu, kama tunavyojua mlango upi ni wa wageni. Wasichana walikuja na kuondoka, wengi wao kutoka bara, na kila mmoja alikirithi kutoka kwa mwenziwe bila kuoneshwa. Basi nilipouona uzi ule niliusoma kwa lugha niliyofundishwa nyumbani kwetu: huyu si mwenzetu, chake kiwe mbali.

Nikasema nimefunga. Ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo uongo ulikuja kwa wepesi, Allah anisamehe. Chai ikapoa mbele yangu mpaka ikafanya utando.

Tangu siku hiyo nilipokwenda kwa mavyaa nilitia finjani yangu mkobani. Yeye alipoleta kikombe chenye uzi, mimi nilitoa finjani, nikaomba kwa upole anitilie humo. Chai ya maziwa katika finjani ya kahawa, jambo ambalo hata Kibokoni lingechekesha watu. Alinijaza, nikanywa mara moja, akanijaza tena, mara sita, mara saba, bila kusema neno. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikisii changu hakikuwapo, nasi sote wawili tulijificha nyuma ya hilo. Hayo yaliendelea miezi minane. Mume wangu aliona finjani na hakuuliza. Wanaume huona vyombo vikiwa vichafu tu.

Kisha kukawa na matanga kwa jirani. Huko kwetu, penye msiba, vyombo vya mtaa mzima huwa ni vya aliyefiwa, na vijana hupita nyumba kwa nyumba kukusanya sufuria, viti na vikombe. Nilikuwa jikoni kwa mavyaa msichana mmoja alipoingia na beseni. Akapewa vikombe vyote. Akanyosha mkono kuchukua na kile chenye uzi, mavyaa akamshika mkono. Hakumshika kwa ukali, ila alimshika. Akasema maneno ambayo nilitambua mawili tu, moja likiwa ni pombe.

Usiku nilimwuliza mume wangu. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. Kabla hatujafika, mama yake alimpigia simu kumwuliza mke wa Kiislamu hali nini na hanywi nini. Alipoambiwa habari ya pombe, aliwaza juu ya vikombe vyake. Wazee wenzi wa marehemu mumewe walikuwa wameingia nyumba ile miaka mingi, na hawakunywa chai kila mara; na vikombe vinavyokwenda matangani hurudi na harufu ambayo maji ya moto hayaiondoi kwa siku moja. Akangoja bonasi ya chai. Ilipolipwa alikwenda sokoni Keroka akanunua kikombe kimoja kipya, akakifunga uzi asije akakichanganya na vingine gizani. Maneno aliyomwambia msichana yalikuwa haya: hiki ni cha mwanangu, hakijapata kuguswa na pombe.

Nilibaki macho mpaka alfajiri.

Baadaye nilimwuliza shekhe mmoja, si kwa kuwa nilikuwa na shaka bado, bali kwa kuwa nilitaka kuujua ukubwa wa jambo lenyewe. Akanikumbusha Hadithi ya Abu Thaalaba al-Khushani, radhi za Allah zimshukie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, pale alipomwuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuhusu kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu waliokuwa wakiishi nao. Aliambiwa kwamba wakipata vyombo vingine wasilie katika hivyo, na wasipopata, wavioshe kisha wale. Kwa hiyo kikombe chochote cha mavyaa, kikioshwa vizuri, kingenitosha. Yeye Mkristo, asiyejua hata jina la Hadithi hiyo, alikuwa amechagua lile la kwanza, akanitafutia chombo kingine. Nami ndiye niliyemwachia chai ikafanya utando.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwake bila mkoba. Nikamwomba kikombe changu. Alinitazama sana, kisha akakitoa, na tulipokwisha kunywa akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi nilifikiri vikombe vyangu vinanuka kwako." Ikawa yeye naye miezi minane amekuwa akiisoma finjani yangu kwa lugha yake.

Nilijiona sina budi kumweleza. Nikamweleza habari ya karo na kikombe cha msichana wa kazi, kwa maneno machache na ishara nyingi, nikijua kwamba ninaivua nguo nyumba ya mama yangu mbele ya mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kilikuwa na ufa?"

Nikasema ndiyo, mama, kilikuwa na ufa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mahali anapopajua, akainuka kwenda kutazama moto. Sikumwuliza amekijulia wapi. Marehemu sasa ana miaka minne kaburini, na swali hilo limebaki nami.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mombasa kumzuru mama yangu. Nilikuwa nimeapa moyoni. Usiku wa kwanza, watu walipolala, niliinama chini ya karo na kikombe kilikuwapo, si kilekile cha utoto wangu, bali kingine kikubwa cha udongo kilichochukua mahali pake. Hata ufa kilikuwa nacho. Nikakiosha, nikakifuta, nikakipanga kabatini katikati ya vikombe vya maua vya mama. Nililala nikiwa nimefurahi nafsi yangu. Nilikumbuka Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alivyomwusia Abu Dharr kwamba walio chini ya mikono yetu tuwalishe tunachokula na tuwavike tunachovaa, nikajiambia kwamba kikombe nacho kimo humo.

Asubuhi kikombe kilikuwa kimerudi chini ya karo.

Nilimwendea mama kwa hasira. Akaniambia hajagusa kabati, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli. Basi nikamfuata msichana uani, alikokuwa akifua. Ni mwenyeji wa bara, umri wa binti yangu au mkubwa kidogo. Nikamwuliza nani amekirudisha.

"Mimi, dada."

"Kwa nini? Vikombe vyote vile si viko pale?"

Akacheka, akajifuta povu mkononi. "Hicho changu kinajaa, dada. Hivyo vyenu ni vya kuonjea."

Nilisimama pale nisijue la kujibu. Yawezekana ilikuwa kweli, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuzoea kikombe cha kukumbatiwa, na vikombe vya maua vya mama vilinikera tangu jana yake. Yawezekana pia alisema hivyo kwa kuwa nyumba si yake, na dada mgeni ataondoka Ijumaa akimwacha na bi mkubwa. Nilimtazama usoni nipate kutofautisha, nikashindwa.

Nilikwenda Marikiti mchana ule nikanunua vikombe sita vikubwa, vyeupe, vya sare moja, nikavitundika kwenye misumari ukutani juu ya karo, na kile chenye ufa nikakifukia uani kwenye mti wa mkomamanga. Mama alivitazama, akasema ni vikubwa kama ndoo. Jioni msichana alitwaa kimoja akajimiminia chai, akaketi nasi barazani, kwenye ncha ya mkeka. Mama akanywa kwa kikombe chake cha maua. Nilipopiga simu wiki iliyopita kumjulia hali, nilimwuliza vile vikubwa viko wapi.

"Vipo," akasema. "Kimoja amekifunga uzi, ati asichanganye. Sijui kajifunzia wapi."