Hesabu ya Ndege Port Reitz

Karani mmoja wa Changamwe alijitolea kuhesabu ndege wa majini, kazi ifanywayo Kenya kila Januari tangu mwaka 1991. Mwezi huo ndio ufaao, maana ndege wengi wa ufuoni ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Siberia. Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, alisimama penye mikoko ya Port Reitz na darubini ya kuazima. Alikuwa amefundishwa kuhesabu ndege kumi, kuutia machoni ukubwa wa kumi hao, kisha kulipima kundi zima kwa kadiri hiyo. Kanuni njema, lakini kundi halikuja. Aliona yangeyange tisa, na sululu wanne wenye midomo iliyopinda kama mundu.

Baba yake, mvuvi, alizoea kusimulia tope lililojaa vitwitwi, kabla ya mafuta ya meli kumwagika humo mwaka 2005. Karani akatamani kuandika arobaini, ili mji wake usiaibike. Nani angalijua? Lakini hesabu hizo hulinganishwa mwaka kwa mwaka. Akalitazama tope tena, polepole, toka mkoko hadi mkoko. Maji yalipoanza kujaa akaandika: sululu, wanne, vitwitwi, hakuna.