Vipande 224 kwa Sh40,000

Siku ya kwanza ya maonesho ya wajasiriamali katika kata yao, yaliyoandaliwa kuelekea Siku ya Wanawake, Machi 8, mama huyo wa Iringa alifika uwanjani na kamba ya manila na mfuko wenye mablanketi matatu ya viraka. Hakutaka meza. Majirani zake walipanga batiki, sabuni za maji na asali. Yeye alifunga kamba kati ya mti na nguzo ya turubai, akayatundika mablanketi yake yaonekane yote. Kamusi zina neno mfarishi kwa kitu hicho, lakini uwanjani pale asingelielewa mtu.

Wazo la kutundika lilitoka kwenye simu ya binti yake anayesoma chuo. Alimwonyesha picha za Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kilichozungukwa pande tatu na Mto Alabama, ambako wanawake wameshona mablanketi ya namna hiyo tangu enzi za utumwa, wakitumia nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1966 baadhi ya wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kuyauza. Mwaka 2002 yakawekwa kwenye kuta za jumba la makumbusho Houston, kisha New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Siku hizi kila Oktoba wanayaanika nje, na wageni wanakwenda kuangalia na kununua.

Mama alitazama picha zote, akauliza swali moja: "Wanauzaje?"

La kwake bei ni Sh120,000. Blanketi moja lina vipande 224, safu 16 za vipande 14. Hununua mabaki ya vitenge kwa mafundi, akayafua kwanza, kwa sababu kitenge kipya huweza kuchuja rangi au kurudi, na kimoja kikirudi kinavuta vyote vilivyo jirani yake. Kila kipande hukatwa inchi tano na nusu ili kikishashonwa zibaki tano. Viraka huunganishwa kwa cherehani. Kisha huja kazi yenyewe: kuweka blanketi jepesi katikati na shuka nzito chini, kupiga bandi tabaka zote tatu zisihame, halafu kuzishona pamoja kwa mkono, mstari kwa mstari. Hapo wiki sita zimekwisha.

Na macho yanasumbua. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake taratibu, vitu vya karibu vikaanza kufifia. Ndiyo maana watu wazima hushika gazeti mbali na uso. Miwani ya kusomea hurekebisha hali hiyo, ila ya kwake aliinunua kwa machinga bila kupimwa, na lenzi moja imechubuka. Mtoto wa jirani humtungia uzi kwenye sindano kumi kabla ya kwenda shule. Zikiisha, kazi inamsubiri mpaka arudi. Fedha za blanketi la kwanza zilikuwa za kupima macho na kupata miwani inayomfaa.

Asubuhi yote watu walipita, wakashika, wakasifia, wakauliza bei, wakacheka. "Mama, viraka hivi? Sokoni blanketi jipya ni elfu thelathini." Wapo waliopiga picha na kuondoka. Saa saba alimwachia binti kamba yake akaenda kuswali. Aliporudi, mablanketi yalikuwa mawili.

"Mama, nimeuza moja!"

"Shilingi ngapi?"

"Arobaini. Yule dada alikuwa anaondoka."

Mama alitazama juu, mawingu yalikuwa yamekusanyika. Akauliza tu kama amemfungia vizuri lisilowe.

Usiku, baada ya kula, alileta daftari. Vipande Sh5,000, shuka ya chini Sh15,000, blanketi la ndani Sh14,000, uzi Sh4,000. Jumla Sh38,000.

"Imebaki elfu mbili," alisema. "Nauli ya bajaji."

Binti alisoma hesabu mara mbili. Miaka yote aliamini mabaki yale ni ya bure. "Lakini mama, si ulikuwa unashona jioni tu, huku unaangalia tamthilia?"

"Nilikuwa nasikiliza, mwanangu. Macho yalikuwa kwenye sindano."

Wateja kulalia bei ni jambo la kawaida, na mwenye blanketi la elfu thelathini hana kosa. Kilichomuuma ni kwamba aliyeishusha amekulia pembeni ya cherehani ile, na blanketi la viraka ndilo alilokwenda nalo bweni kidato cha kwanza.

Kesho yake binti alikata boksi, akaandika kwa kalamu nzito: VIPANDE 224. WIKI 6. MKONO. SH120,000. Akalining'iniza kwenye kamba. Waliocheka walikuwapo bado, ila sasa wengine walisimama wakahesabu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alihesabu safu nzima kwa kidole, akageuza upande wa chini kuangalia mishono, akauliza kama anaweza kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi.

Binti akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama mama yake.

"Lete sitini," mama alisema. "Na namba yako ya simu."

Blanketi la tatu lilirudi nyumbani, na mvua ikalishika njiani. Jumapili lilikuwa uani likikauka. Binti alikaa kwenye ngazi, boksi la sindano mapajani, akitunga uzi. Alikuwa amefika ya saba.