Sauti na Hatua

Muhammad Ali alikuwa na vitu viwili ambavyo mabondia wa zama zake hawakumfikia: miguu na mdomo. Ulingoni aliingia na kutoka kabla mpinzani hajajipanga. Nje ya ulingo maneno yalimtoka kwa vina na mbwembwe, na wapo walioanza kushindwa tangu kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Miaka iliyofuata ikamnyang'anya vyote viwili, kidogo kidogo.

Ulimi ulikuwa umeanza kuaga mapema. Watafiti wa Marekani waliyarudia mahojiano yake ya zamani na kupima kasi ya usemi wake, wakakuta kwamba kati ya 1968 na 1981 ilikuwa imeshuka kwa takriban robo. Ndani ya kipindi hicho, Februari 1980, Ali alifika Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na safari ile imebaki katika kumbukumbu za siasa. Mimi huwaza jambo jingine: mtu aliyetumwa akaseme alikuwa tayari anapungukiwa na usemi, na msiba huo ulikuwa haujapewa jina.

Kwa nini sauti na miguu vipotee pamoja? Ndani kabisa ya ubongo zimo seli zinazotengeneza dopamini, na kwa msaada wake mwili hufanya mambo tusiyoyafikiria: kurusha mikono tukitembea, kupima urefu wa hatua, kupaza sauti ili wa ng'ambo asikie. Seli hizo zinapokufa, kila kitu husinyaa. Hatua hufupika na sauti hufifia. Miguu hujikuta inakimbilia mbele bila breki, na maneno nayo hukimbizana mpaka hayaeleweki. Unyayo huganda sakafuni. Neno huganda kwenye silabi ya kwanza. James Parkinson, tabibu wa London, aliyaeleza matatizo ya mwendo na ya usemi kwa wagonjwa wake mwaka 1817. Dawa ya levodopa husaidia sana ukakamavu wa viungo, lakini sauti na uimara wa kusimama mara nyingi huitikia kwa shida.

Kuna mzee wa ukoo wetu ambaye nimemwona mara nyingi akikwama mlangoni. Visigino vimenyanyuka, vidole vya miguu vimeng'ang'ania saruji, magoti yanatetema, na mwili wa juu umeshatangulia sebuleni. Mjukuu anapita mbio, "Shikamoo babu!" Midomo ya mzee inacheza. Marahaba inatoka hafifu, mtoto akiwa ameshafika uani. Uso nao umekakamaa, hauonyeshi furaha iliyomo ndani. Basi watu wakasema mzee amenuna. Wengine wakasema amerogwa. Mtu aliyekuwa akitafuta sauti yake akahukumiwa kwa kiburi.

Mkewe ndiye aliyegundua mlango wa pili. Humwambia, "Baba, hesabu kwa nguvu," naye akivuta pumzi na kusema moja, mbili, tatu, sauti inapanda na mguu unanyanyuka. Wataalamu wanaijua njia hiyo: mdundo, mistari sakafuni, au kukusudia kusema kwa sauti kubwa humsaidia mgonjwa kufanya kwa nia kile ambacho zamani kilijifanya chenyewe. Kilichoharibika ni mazoea ya mwili. Nia haijaenda popote, na hilo linanifariji kuliko maneno mengi ya pole.

Hata hivyo, nia ina kikomo. Asiyeweza tena kutembea bila kufikiri hutumia akili yake yote kwenye hatua, na ukimsemesha njiani unamwomba aigawe. Ama mazungumzo yatakatika, ama mguu utakosea na aanguke. Hapo ndipo ninapouona upotevu mkubwa kuliko wote. Sisi mgeni hatumwagi sebuleni, tunamsindikiza. Njiani ndiko yanakosemwa yale yaliyoshindikana kusemwa mbele ya watu: ombi la mkopo, habari ya ugonjwa, msamaha. Kusindikizana kunadai miguu na sauti kwa wakati mmoja, na Parkinson huvishika vyote viwili. Mzee wetu alikuwa akinifikisha hadi barabara kuu, na mashauri yake karibu yote niliyapata kwenye njia ile. Siku hizi tunaagana kizingitini. Sijazoea, wala sidhani nitazoea.

Ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuumaliza, kwa hiyo sehemu ya huzuni hii itabaki palepale. Lakini ipo sehemu nyingine tunayoiongeza wenyewe, pale tunapomkatiza mgonjwa, tunapomjibia maswali aliyoulizwa yeye, tunapoacha kumwamkia kwa sababu jibu linachelewa. Tukitaka kusema naye, tusimame kwanza. Amalize neno lake, hata likichukua muda. Kisha twende kimya mpaka pale tutakaposimama tena. Kumpotezea mtu sauti yake ni kazi ya ugonjwa; kumpotezea wa kumsikiliza ni hiari yetu, na hilo tunaweza kulikataa.