Vitu vya Chumba cha Nyuma

Tetemeko la ardhi la Jumamosi ile, Septemba 10, 2016, lilitukuta tumekaa nje ya nyumba. Ilikuwa saa tisa na nusu hivi alasiri. Hapa mkoani Kagera walikufa watu zaidi ya 15, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Yetu, pale Hamugembe, ilibaki imesimama, lakini ukuta wa chumba cha nyuma ulipasuka toka juu hadi chini. Mvua ya Bukoba haikawii, hivyo kesho yake tulihamishia sebuleni kila kilichokuwa humo. "Ni kwa muda tu," nilimwambia mke wangu.

Muda huo ukawa karibu miaka minne.

Kulikuwa na magodoro mawili, cherehani, baiskeli ya marehemu baba, mbao nilizonunua kwa ajili ya ukarabati, na madaftari ya wanafunzi wangu ya miaka iliyopita. Kila msimu yaliongezeka magunia ya kahawa ya maganda kutoka kibanja chetu cha Muleba, yakingoja bei, maana niliapa sitauza kwa butura kama jirani zangu. Chini ya yote kulikuwa na sanduku la nguo za mtoto. Kutoka mlangoni hadi kwenye meza tuliacha njia ya kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Mimi niliizoea hali hiyo mapema. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kufundisha, narudi jioni, naketi kwenye kiti changu na kufungua redio. Sikuona tatizo. Nilichokiona ni kwamba mke wangu amebadilika. Majibu yake yalikuwa mafupi. Mtoto akiangusha kikombe, anafokewa kama ameangusha nyumba. Usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani. Nilijiuliza nimemkosea nini, kisha nikaanza kujiuliza yeye ananificha nini. Nilifikia hatua ya kutaka kuwaita wazee wa pande zote mbili tukae kikao.

Jioni moja ya masika, mwaka 2020, nilimkuta barazani akimenya ndizi huku manyunyu yakimlowesha miguu. Ndani taa ilikuwa inawaka.

"Mbona hukai ndani?"

"Ndani hamna pa kukaa, baba watoto."

Nikamwonyesha kiti. Akaniambia kile ni changu, na kwamba kila siku kabla sijarudi anakiondolea vitu ili nipate mahali. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Nikiingia humo, kichwa kinaanza kuhesabu. Zile mbao zinaniambia ukuta haujajengwa. Magunia yananiambia ada haijalipwa. Cherehani inaniambia kuna mtu anadai gauni lake tangu Pasaka. Wewe unaona vitu, mimi nasikia maneno."

Baadaye nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Darby Saxbe na Rena Repetti. Walichunguza familia 30 ambazo mume na mke wote wanafanya kazi. Kila mmoja alizunguka nyumba yake na kamera ya video akieleza anachokiona. Kisha, kwa siku kadhaa, walipimwa mate ili kujua kiasi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa na msongo. Kwa kawaida kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka kuelekea jioni. Kwa wake walioieleza nyumba yao kwa maneno ya mrundikano na ya kazi zisizokamilika, haikushuka ipasavyo, na hali yao ya moyo ilizidi kuwa nzito kadiri siku ilivyokwenda. Wamarekani wana mirundikano yao na sisi tuna yetu, lakini hayo maneno mawili, mrundikano na kazi zisizokamilika, niliyasoma mara tatu. Mke wangu alikuwa ameshanieleza yote hayo barazani, bila kupima mate ya mtu.

Nikamkumbuka bibi yangu na mushonge wake. Sakafuni zilitandikwa nyasi. Zikichakaa, zinatolewa na kutandikwa nyingine, na zile kuukuu zinakwenda kibanjani kuoza chini ya migomba. Sisemi bibi alikuwa na raha kuliko sisi. Moshi ulimtoa machozi miaka yote. Nasema tu kwamba katika nyumba ile kutoa kitu nje ilikuwa kazi ya kawaida yenye faida. Kwetu sisi kutoa kitu kumekuwa kama kukubali umeshindwa.

Ilituchukua Jumamosi tatu. Kahawa niliiuza kwa bei iliyokuwepo, haikuwa nzuri. Godoro moja lilikuwa limeota ukungu upande wa ukutani, tukalichoma. Baiskeli ilinishinda, nililala nayo usiku mmoja zaidi, asubuhi nikaipeleka kijijini kwa mdogo wangu, ambaye sasa anabebea ndizi kwenda Kemondo.

Sanduku la nguo za mtoto nilipendekeza tuligawe. Mke wangu hakujibu. Alilifuta vumbi, akalifunga upya, akaliingiza chini ya kitanda chetu upande wake. Hilo hatujalizungumza mpaka leo, na sidhani ni kitu cha kukisukuma.

Usingizi wake ulirudi polepole. Ukali haukuisha wote, na mwingine nimegundua ninaustahili. Ukuta tuliujenga mwaka uliofuata. Ndizi anamenyea sebuleni, redio ikiwa wazi, na kiti changu mara nyingi nakikuta kimekaliwa.

Juzi niliacha rundo la madaftari juu ya meza. Alilitazama, akanitazama, akauliza: "Haya nayo ni kwa muda tu?"